Ukungu Huzaa Ukungu: Wacheni Kutuuzia Hesabu za Viazi Zisizo na Hali ya Hewa



Kuna video lazima umekutana nayo. Jamaa amesimama katikati ya shamba la waru, majani yanamfika magotini, gambuti mpya kabisa ambazo hazijawahi kuonana na matope. Anainua kiazi kikubwa kama ngumi ya bondia na kuambia kamera: "Ekari moja, magunia mia mbili. Gunia elfu tatu. Miezi mitatu, laki sita mfukoni. Na wewe bado unatafuta kazi?" Muziki unaingia. Laiki zinamiminika.

Moja ya hizo laiki ni yangu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili juu ada ilinishinda. Nilikuwa na simu, wafuasi wachache, na shosho mwenye nusu ekari juu ya Limuru. Nikalipia ile "siri ya viazi" ya jamaa, faili ya kurasa kumi na mbili, 1,500 bob. Ndani kulikuwa na mbegu, mbolea, vibarua, dawa, usafiri na bei ya soko. Kila shilingi ilihesabiwa. Neno mvua lilitokea mara moja tu, kwa sentensi ya "panda mvua ikianza." Unyevu wa hewa, umande, baridi ya Juni, hakuna.

Nilivuna magunia 14. Matano yakaoza kwa stoo.

Sasa hoja yangu ni hii na sitazunguka: hesabu ya viazi isiyo na mstari wa hali ya hewa ni uongo, hata kama namba zingine zote ziko sawa. Juu hali ya hewa ndo inaamua kama majani yako yatafika mwisho wa msimu yakiwa kijani ama yakiwa meusi. Na mtu anayekuuzia hiyo hesabu na anajua hivyo, anakula pesa yako mara mbili: kwanza ya faili, halafu ya shamba.

Tumjue adui kwanza

Ugonjwa wenyewe wakulima wengi wa Kenya wanauita blaiti. Ukisoma vitabu vya kilimo vya Kiswahili utakutana na jina bakajani chelewa. Mtaani utasikia tu "baridi imechoma waru." Kisayansi ni Phytophthora infestans, na mtu akikuambia ni kuvu, yuko karibu lakini hajafika. Inaonekana kama kuvu, inaota kama kuvu, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa majini. Shika hiyo, itatusaidia. Huyu ni kiumbe wa maji aliyejifunza kula majani.

Angalia vile Kiswahili kilishatuambia. Ile hali ya asubuhi Limuru ambapo huoni gari iliyo mbele yako, tunaiita ukungu. Ile manyoya nyeupe inayoota kwa mkate uliosahau, tunaiita ukungu. Neno moja. Shambani si fumbo, ni utaratibu: ukungu wa hewa ukitanda, ukungu wa jani unaamka.

Unaamka vipi? Spora moja ikitua kwa jani kavu, jua likiwaka, inakufa. Ikitua kwa jani lenye maji, ina njia mbili. Kukiwa na joto la wastani, inaota mzizi moja kwa moja na kutoboa jani. Lakini kukiwa na ubaridi, kati ya nyuzi 10 na 15 hivi, inapasuka na kutoa spora ndogo zenye mikia. Zinaogelea, wasee. Kwa lile tone la umande unaloliona linapendeza kwa picha, kuna vitu vinaogelea vikitafuta mahali pa kuingilia. Spora moja imekuwa kadhaa.

Halafu kunakuwa kimya. Siku tatu, nne, tano, huoni kitu. Shamba ni kijani na unapiga picha. Baadaye linakuja doa la rangi ya maji machafu ukingoni mwa jani, linageuka kahawia, linageuka jeusi. Geuza jani asubuhi na mapema uone duara jeupe jeupe kando ya doa. Hizo ni spora mpya, maelfu, zinangoja upepo. Hewa ikibaki na unyevu, shamba zima linaweza kwisha kwa wiki moja au mbili. Na lina harufu yake, kama mboga iliyosahaulika ndani ya mfuko. Ukishainusa mara moja hutaisahau.

Mvua nayo haijamaliza. Inaosha spora kutoka kwa majani hadi chini, zinaingia kwa udongo, zinapata viazi. Ndo maana magunia yangu matano yalitoka shambani yakionekana sawa na kuoza yakiwa ndani ya stoo.

Shosho alisoma majani, mimi nilisoma kalenda

Tulipanda Shangi katikati ya Aprili. Magunia manane ya mbegu, mawili ya mbolea ya ruzuku, vibarua, dawa, jumla kama elfu arobaini na tano. Thelathini zangu, kumi na tano za shosho kutoka kwa chama chake. Kumbuka hizo kumi na tano.

Faili ilisema dawa ya ukungu kila wiki. Mimi nikiwa Nairobi nikapanga na kijana wa hapo jirani: kila Jumamosi, bila kukosa. Nilijiona meneja.

Wiki ya pili ya Juni shosho akanipigia Jumanne. "Wewe, huku jua halijaonekana tangu Jumapili. Umande unatoka saa tano. Tuma pesa ya dawa leo." Nikamwambia, "Shosho, ratiba ni Jumamosi, tulipiga juzi." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, wewe ndo umesoma."

Kile sikujua ni kwamba Jumamosi iliyotangulia kijana alipiga dawa saa saba mchana, na saa tisa mvua ikanyesha. Ile dawa tuliyotumia ni ya kukinga. Inakaa juu ya jani kama koti, haiingii ndani. Koti halikukauka, likaoshwa. Juu ya hapo, waru ikiwa na wiki nane inatoa majani mapya kila siku, na jani lililozaliwa baada ya dawa halina koti kabisa. Kwa hivyo kutoka Jumapili hadi Ijumaa shamba langu lilikuwa uchi ndani ya ukungu, na mimi nilikuwa Nairobi nikihariri video ya "safari yangu ya kilimo."

Jumamosi kijana alipofika, akanitumia picha bila maneno. Tukakimbilia ile dawa ghali inayoingia ndani ya mmea. Ilikuwa imechelewa. Dawa haifufui jani lililokufa.

Magunia tisa yaliyobaki tuliuza elfu mbili kila moja. Elfu kumi na nane. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Shosho hajawahi kuniuliza pesa ya chama. Namtumia kidogo kidogo kila mwezi na bado sijamaliza.

Huu ubishi una karibu miaka 180

Usidhani "baridi imechoma waru" ni ujinga wa kijijini. Wasomi wa Uingereza walibishana hivyo hivyo. Mwaka 1845 ugonjwa huu uliingia Ireland, nchi ambayo maskini wake walikuwa wanaishi kwa viazi. Kufikia mwisho wa ile njaa watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa na wengine kama hao wamehama. Wakati huo mtaalamu mkubwa wa mimea, John Lindley, alisema tatizo ni hali ya hewa: mvua nyingi, viazi vimejaa maji, vinaoza. Mchungaji mmoja aliyependa kuvu, Miles Berkeley, akaandika mwaka 1846 kwamba hapana, ile manyoya nyeupe kwa jani ndo chanzo. Wengi walimpuuza. Ilibidi Mjerumani Anton de Bary aje baadaye athibitishe kwamba kimelea ndicho kinachoua.

Lakini tazama vizuri: Lindley hakuwa amekosea kila kitu. Kimelea bila hali ya hewa ni mbegu ndani ya debe. Hali ya hewa bila kimelea ni baridi tu, vaa sweta. Vikikutana juu ya jani la Shangi, ndo unapata janga.

Na sisi hapa tuko pabaya zaidi kwa jambo moja. Ulaya kuna majira ya baridi kali, mashamba yanalala, ugonjwa unabaki kujificha kwa viazi vichache vilivyosahaulika. Hapa kwetu kuna waru shambani mahali fulani kila mwezi wa mwaka. Kinangop wakivuna, Molo wamepanda, Meru inatoa maua. Kimelea hakikosi nyumba. Kinachokosekana ni siku zake tu, na siku zake zinajulikana.

Zinajulikana, hiyo ndo inaniuma

Waingereza walianza kuhesabu siku za hatari zamani. Tangu miaka ya 1950 walikuwa na kanuni inayoitwa Smith: siku mbili mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na unyevu wa hewa ufike asilimia 90 kwa angalau saa 11 kila siku. Ikitimia, mkulima anaambiwa ajipange. Mwaka 2017 wakagundua wanachelewa, wakaikaza: siku mbili, nyuzi 10, lakini saa 6 tu za unyevu wa asilimia 90. Wakaiita Hutton. Hiyo ndo kanuni yote. Inaingia kwa ujumbe mmoja wa simu.

Sasa usinakili hizo namba ukakimbia nazo shambani. Ni za Uingereza. Kinangop usiku wa Julai unashuka chini ya nyuzi 10 na waru bado inaugua, juu mchana unapanda na ukungu unarudi jioni. Tunahitaji namba za hapa, zinazomfikia mkulima kwa lugha anayoijua, siku ambayo bado inamsaidia.

Na hali ya hewa haichagui tu kama utaugua, inachagua utaugua nini. Kukiwa na joto, mchana mkavu na usiku wa umande mzito, anayekuja ni ndugu mwingine, bakajani tangulia. Huyo ni kuvu kweli kweli, Alternaria. Anapenda nyuzi kama 24 kwenda juu na majani yaliyozeeka au yaliyokosa mbolea. Madoa yake ni makavu, yana miduara ndani ya miduara kama shabaha ya mishale. Huyo anaenda polepole, unaweza kuongea naye. Sasa mtu akiona doa lolote akakimbia agroveti na kusema tu "nipe dawa ya ukungu," anaweza kutumia pesa nyingi kwa adui ambaye hayuko.

Najua mtakachosema kwa komenti

"Si upige tu dawa kila wiki na umalize?" Mimi nilipiga kila wiki. Wiki ya ukungu mfululizo, siku saba ni nyingi mno. Wiki tatu za jua kali, kila wiki ni pesa unamwaga kwa udongo. Kuna wakulima wanapiga mara kumi na zaidi kwa msimu, bila glavu, bila barakoa, mtoto yuko kando. Halafu zile dawa za kuingia ndani, ukizirudia kila wakati kimelea kinazizoea, na hilo limetokea duniani kote. Kalenda haijui kama kumenyesha.

"Hali ya hewa ni ya Mungu, utaibadilisha?" Sijasema tuibadilishe. Hata matatu hubadilishi lakini unajua ikijaa ndo itaondoka. Ukijua siku tatu zijazo ni ukungu mtupu, unapiga dawa leo asubuhi, jani likiwa kavu, ikauke kabla ya mvua. Ukijua ni jua wiki nzima, unakaa na pesa yako. Unapanga upandaji ili majani yasifunge mistari wakati baridi iko kileleni. Unaacha nafasi kati ya mistari upepo upite. Unainua udongo vizuri kwa shina spora zisifikie viazi. Unang'oa waru za maotea na unafukia lile rundo la viazi vibovu kando ya shamba, juu hapo ndo spora zinalala. Na ukishindwa kabisa, unakata majani yote na kungoja wiki mbili kabla ya kuchimba, uokoe kilicho chini. Hakuna hata moja ya hizo inayohitaji digrii. Sina, naongea kwa ujasiri.

"Si mpande aina inayovumilia?" Hapo tuko pamoja, lakini nani ananunua? Aina kama Asante na Tigoni zilitolewa mwaka 1998, moja ya sababu ikiwa kuvumilia ukungu. Shangi ikatawala juu inakomaa haraka na inaiva haraka, na mwenye kibanda cha chipsi anataka hiyo. Mimi na wewe tukikula chipsi za Shangi kila Ijumaa, sisi pia tumo ndani ya hii hesabu. Ukungu ukipiga Nyandarua na Meru, ile sahani ya mia inapungua vipande kumi na unalaumu mwenye kibanda.

"Lakini kuna watu wamepata magunia mia mbili." Wapo, sikatai. Wastani wa nchi kwa miaka mingi umekuwa kati ya tani 7 na 10 kwa hekta. Geuza hiyo iwe ekari moja na magunia ya kilo 50, unapata kama sitini hadi themanini. Jamaa wa video anakuonyesha kilele na kukiita kawaida. Mkulima wa kawaida hana hata mbegu iliyoidhinishwa, anapanda vilivyobaki msimu uliopita, pengine tayari vimebeba ugonjwa ndani.

Sasa nataka nini

Kwa wenzangu wa maudhui mnaouza ndoto ya shamba: wekeni mstari wa hali ya hewa. Andikeni mlipanda mwezi gani, kulikuwa na siku ngapi za ukungu, mlipiga dawa mara ngapi na kwa nini. Rudini na kamera wiki ya tisa. Kama shamba lilikufa, onyesheni likiwa limekufa. Mimi nilifuta picha yangu ya shamba jeusi juu niliona aibu, na najua kuna msee alipanda msimu uliofuata akidhani kila kitu kilienda poa. Hiyo ni hatia yangu, siitupi kwa mtu mwingine.

Kwa Idara ya Hali ya Hewa na serikali za kaunti: utabiri mnao. Unatoka kila siku, unatoka kila wiki, na kaunti zina ofisi zenu. Lakini "mvua inatarajiwa katika maeneo ya nyanda za juu" haimwambii shosho kitu, yeye tayari ameona mawingu. Mwambieni: kesho na kesho kutwa ni siku za ukungu wa viazi, kinga majani leo kabla ya saa sita. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kile cha Lima, Peru, kilishatengeneza kifaa cha visahani vya kadi unavyozungusha kwa mkono. Unaangalia aina ya kiazi chako inavumilia kiasi gani, mvua imenyesha vipi, ulipiga dawa lini, na kinakuambia upige ama ungoje. Kadi tu, haina betri wala data. Kama kadi inaweza kuuliza hayo maswali matatu, ujumbe wa simu unashindwa na nini? Nchi hii inatuma ujumbe wa kamari saa nane usiku na unafika kila kijiji.

Na kwako wewe uliye mtaani na unafikiria kutuma pesa nyumbani "tufanye ka-nusu ekari": kabla ya kuuliza bei ya gunia, piga simu uulize umande unakauka saa ngapi. Asubuhi moja haitoshi, uliza wiki nzima. Tazama utabiri wa saa kwa saa kwa simu yako, na safari hii usiishie kwa kile kipicha cha wingu. Shuka chini hadi palipoandikwa unyevu. Ukiona 90 na zaidi usiku kucha, usiku wa pili tena, usingoje Jumamosi.

Msimu huu tumepanda tena, robo ekari tu. Shosho ndo anaamua siku ya dawa. Mimi kazi yangu ni kumsomea unyevu kwa simu kila jioni saa moja na kutuma pesa akisema tuma. Mikebe miwili ya kupima mvua iko kwa kigingi cha ua. Nitawaonyesha wiki ya tisa, ikiwa kijani ama ikiwa nyeusi.

Kama nyumbani kwenu ni waru, niambie kwa komenti: unatoka wapi, na jana umande ulikauka saa ngapi? Usiniambie bei ya gunia. Hiyo tutaongea tukivuna.